Lipu Juu ya Nyasi

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia shuleni, wenzangu walikimbilia uwanja wa mpira, mimi nilikimbilia kwa Babu. Kutoka shule mpaka kituo cha mazoezi ya viungo ni mwendo wa dakika kumi na tano, lakini mimi niliumaliza kwa dakika kumi. Begani nilikuwa na mkoba wa madaftari, mkononi chupa ya chai aliyoiandaa Mama asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenye karakana ya ushonaji. Nilipita geti dogo la nyuma, nikapanda ngazi tatu za baraza, nikakaa kufanya kazi za darasa la sita mpaka Babu aamke. Babu alilala kila mchana na kuamka saa tisa na nusu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Pimamaji. Hebu utazame ule ufa ukutani. Aliyepiga lipu hapa alikuwa na njaa, akakimbilia chakula kabla ya kumaliza."

Jina la Pimamaji alinipa yeye. Babu alikuwa fundi mwashi kwa zaidi ya miaka arobaini, na tangu nikiwa mdogo nilipenda kumbebea pimamaji yake, ile rula nene yenye kichupa cha maji na kipovu ndani, ambayo fundi huiweka juu ya tofali kuona kama limelala sawa. Kipovu kikitulia katikati, kazi iko sawa. Kikikimbilia upande, unabomoa na kuanza upya. Babu aliniambia mara elfu moja, "Chini pakinyooka, juu hapana wasiwasi." Nililishika neno hilo kama watu wengine wanavyoshika sala.

Miezi mitatu kabla ya mambo haya, Babu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilegea wote, mkono na mguu. Nyumba yetu, aliyoijenga mwenyewe, iko mwisho wa njia ya udongo yenye mawe na mwinuko, wala kiti cha magurudumu hakipandi. Ndiyo maana akapewa kitanda pale kituoni, pamoja na chuma cha miguu minne cha kujishikilia anapotembea. Babu alikiita jukwaa lake. "Maisha yangu yote nimesimama juu ya majukwaa," alisema, "leo jukwaa linanisimamisha mimi." Wagonjwa wenzake walicheka, na mimi nilicheka nao, ingawa usiku Mama hakuwa akicheka.

Mtaalamu wa viungo aliyemfundisha Babu kutembea, wagonjwa wote walimwita Dada Mazoezi. Mbele ya baraza kulikuwa na uwanja wa nyasi, na mwisho wake benchi la mawe. Siku moja Dada Mazoezi alimwonyesha Babu lile benchi kwa kidole.

"Babu, utashuka ngazi hizi, utavuka nyasi, utakwenda kukaa pale. Hatua arobaini. Bila jukwaa lako, kwa fimbo tu. Siku utakayokaa pale, kesho yake nakuandikia ruhusa ya kwenda nyumbani."

"Kwa nini nyasi, mwanangu? Sakafu yenu ya ndani imenyooka vizuri tu."

"Sakafu huudanganya mguu, Babu. Njia ya kwenu ni sakafu? Mguu ukizoea nyasi, utaizoea na njia ya kwenu. Na ukianguka, nyasi zitakupokea kwa adabu."

Basi benchi lile likawa ndoto yetu. Siku ya kwanza Babu alikwenda hatua nne. Wiki ya pili alifika kumi na moja. Nyumbani niliandika hatua zake nyuma ya daftari la hesabu, na Mama alikuwa akilifungua daftari hilo kabla hata ya kuvua viatu.

Kisha mvua zikaanza. Nyasi zilinawiri, lakini kila asubuhi juu yake palitokea vijilima vidogo vya udongo, vimesokotwa mithili ya uzi uliorundikwa. Vilikuwa mamia. Dada Mazoezi alituambia ni kazi ya nyungunyungu, wale minyoo wekundu wa ardhini ambao wavuvi huwatia kwenye ndoana. Mchana wamo chini, giza likiingia wanapanda kusukumia udongo juu.

Babu alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akavitazama vile vijilima kwa uchungu wa kifundi.

"Sakafu gani hii? Ina vipele kama mtoto wa surua. Ningekuwa na mkono wangu wa kushoto, ningepasawazisha pote kwa siku moja."

Alisema kwa utani. Mimi sikulisikia kama utani.

Kesho yake nilichukua kutoka stoo ya nyumbani kile kibao cha Babu cha kusawazishia sakafu, ubao mwembamba wenye mshikio mgongoni, nikakificha ndani ya mkoba. Nilifika kituoni saa nane na nusu. Babu alikuwa amelala. Mtunza bustani, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira mvua au jua, ambaye watu walimwita Mama Reki, alikuwa amekwisha kuondoka, maana zamu yake iliisha saa nane. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nilipiga magoti kwenye nyasi nikaanza kazi.

Mawingu yalikuwa yamefunika jua siku nzima, na vijilima vilikuwa bado vibichi na laini. Nilikiburuta kibao juu yake kama Babu alivyonifundisha kwenye saruji, kwa mkono mwepesi, kwa nusu duara, kisha nikapapigapiga pashikamane. Nilitengeneza njia nyembamba yenye upana wa hatua moja, kutoka ngazi kuelekea benchi. Ilipendeza! Nilifanya hivyo siku tano za shule mfululizo, kila siku nikisogea mbele kidogo. Sikumwambia mtu yeyote. Nilitaka siku Babu atakapokaa kwenye benchi, nimwambie, "Babu, aliyekunyooshea njia ni mimi," na nilikuwa nimekwisha kuona akilini jinsi atakavyonitazama.

"Enhe!" Babu alisema siku ya tatu. "Naona sakafu imepata fundi." Nilijifanya natafuta kifutio.

Siku ya sita ilikuwa Alhamisi, na mvua ilinyesha asubuhi nzima. Saa kumi jua likatoka. Babu aliacha jukwaa lake kwenye baraza, akashika fimbo, akashuka. Dada Mazoezi alikuwa upande wake wa kushoto, mimi nilikuwa mbele nikihesabu. Ishirini. Ishirini na moja. Alikuwa hajawahi kufika hapo. Ishirini na mbili. Kwenye ishirini na tatu mguu wake mzuri, ule wa kulia, uliteleza mbele kama umekanyaga sabuni. Dada Mazoezi alimdaka kwa mkono mmoja, lakini Babu ni mtu mzito. Wote wawili walikwenda chini.

Mfupa haukuvunjika, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini Babu alipoinuliwa, uso wake ulikuwa umezimika. Alikaa kitandani akatazama ukuta, wala hakuutolea kasoro.

"Babu, kesho tutajaribu tena," nilimwambia.

"Hakuna kesho, mjukuu wangu. Nimejenga nyumba za watu miaka arobaini, sitamalizia maisha yangu kwa kugaragara kwenye tope la minyoo. Mwambie mama yako atafute kiti cha magurudumu. Nitakaa humuhumu."

Msimamizi wa kituo alikuja mwenyewe, tai imelegea, akainua kiatu cha Babu na kuutazama ule utelezi kwenye soli. "Nyungunyungu hawa wamenichosha," alisema. "Jumatatu tunamwaga dawa, wafe wote. Ikishindikana, tunang'oa nyasi na kumwaga zege. Na Mama Reki atanieleza anachofanya hapa kila siku, kama si kulea minyoo."

Nilirudi pale alipoanguka Babu. Alama ya kisigino ilikuwa imechora mfereji mrefu kwenye tope, na pembeni yake, wazi kabisa, palikuwa na mstari ulionyooka wa ukingo wa kibao changu. Hakuna nyungunyungu anayechora mstari ulionyooka. Nikaufuta mstari kwa kiatu, nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa shuleni sikula chochote wakati wa mapumziko. Jirani yangu wa dawati, msichana mmoja tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alinibana mpaka nikamweleza yote.

"Kwani kuna aliyekuona?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Nyungunyungu watamwagiwa dawa, mambo yataisha. Wale hawana mdomo wa kujitetea, wala shangazi wa kuwalilia."

"Na Mama Reki je?"

Redio alizimika. Hilo halikuwahi kutokea tangu tuanze darasa la kwanza. Baada ya muda akasema polepole, "Bibi yangu husema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe janga lako unalilisha watu wasio hata wa kwenu." Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Jumamosi hakuna shule. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye geti dogo la nyuma, mkoba begani, kibao ndani yake. Nilimkuta Mama Reki amesimama katikati ya nyasi na mabuti yake, ameegemea ufagio mrefu wa njiti ngumu, hafanyi kitu chochote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mjukuu wa fundi, au siyo? Babu yako anaendeleaje?"

"Hataki kutoka kitandani." Niliutazama ufagio wake. "Mama, unasubiri nini?"

"Nasubiri jua. Nusu ya kazi yangu ni kusubiri jua, na ndiyo nusu wasiyoiona wanaosema sifanyi kazi. Gusa hicho kijilima. Kibichi, au siyo? Ukikisukuma sasa kinakuwa tope. Ukikiacha kwa muda wa saa mbili juani, kinakuwa unga. Tazama hivi vya upande wa jua."

Alipitisha ufagio mara moja tu. Vijilima vilivyokauka vilisambaratika, vikaingia katikati ya nyasi, vikatoweka.

"Hii ni mbolea, mwanangu, tena ya kuletewa mlangoni. Nyungunyungu anakula majani makavu na udongo huko chini, na hiki anachotoa juu ndicho kinachozinenepesha hizi nyasi."

"Anachotoa? Unamaanisha..."

"Namaanisha kinyesi chake. Unakunja uso wa nini? Hakina harufu."

Nilitazama mikono yangu. Siku tano!

"Sasa njoo nikuonyeshe kinachonisumbua," Mama Reki akaendelea, akanipeleka kwenye njia yangu. Palikuwa pamebabuka, nyasi zimelala zimekuwa njano, na maji ya mvua ya juzi bado yametuama juu yake. "Kuna mtu kanisaidia kazi. Nilidhani ni wageni wanapakanyaga, lakini miguu ya watu haipigi hivi. Kapasiriba pote. Mashimo ya nyungunyungu yamezibwa, maji hayana pa kupita, na juu pamebaki utelezi. Jana nimeitwa ofisini nikaambiwa ni uzembe wangu. Miaka tisa naitunza nyasi hii, hajawahi kuanguka mtu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, labda ningepata njia ya kukimbia. Nilifungua mkoba, nikatoa kibao na kukishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Mama. Nilitaka Babu apite pazuri. Nilipiga kama sakafu. Nisamehe."

Mama Reki alikichukua kibao, akakigeuza, akalitazama tope lililokauka ukingoni.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. "Neno moja tu, 'Mama, hivi ni vitu gani?' Ningekujibu bure. Kuuliza si ujinga."

"Ndiyo, Mama."

"Na juzi, babu yako alipoanguka, ulijua?"

"Nilijua. Niliona alama ya kibao, nikaifuta."

"Hapo ndipo ulipokosea zaidi kuliko pale ulipoacha kuuliza." Akavuta pumzi. "Lakini umekuja kwa miguu yako, hukuletwa kwa sikio. Hilo nimeliona. Futa machozi, chukua ndoo mbili, uzijaze bombani. Mimi naenda kuwaita Msimamizi na babu yako. Watu hawa wakiambiwa hawaamini, waache waone."

Nusu saa baadaye walikuwa wote barazani. Msimamizi, Dada Mazoezi, na Babu, aliyekokotwa kwenye kiti cha magurudumu akinung'unika kwamba fundi haitwi kutazama matope. Mama Reki alinisogeza mbele kwa kiganja mgongoni. Niliyasema yote: kibao, siku tano, ule mstari, kiatu changu juu ya mstari.

Babu alikuwa ananitazama, nami nikashindwa kumtazama.

"Sasa," Mama Reki alisema, "ndoo ya kwanza imwage hapa ulipopiga lipu yako."

Nilimwaga. Maji yalitanda, yakang'aa, yakabaki yamekaa pale kama yamealikwa.

"Ya pili imwage kule, penye vijilima vyao."

Nilimwaga. Maji yalizunguka kidogo, yakatoa vipovu vidogovidogo, yakazama. Kabla sijaiweka ndoo chini, nyasi zilikuwa zimebaki na unyevu tu.

Babu alijiinua kwenye kiti kwa mkono wa kulia. Nililiona jicho lake, na lilikuwa limewaka tena, lile jicho la kutafuta nyufa.

"Subirini," alisema. "Maji yamekwenda wapi?"

"Chini, mzee wangu," Mama Reki akajibu. "Kila nyungunyungu anachimba kishimo chake. Mamia ya vishimo. Hewa inaingia, maji yanashuka, mizizi inapata njia. Ukiwaua kwa dawa, ndege wanaowala wanaweza kudhurika, vishimo vitaziba, na mvua zijazo uwanja wote utakuwa kama hii njia ya binti. Halafu ndiyo mtamwaga zege, na mtu akianguka hapo, Dada Mazoezi hatamwokota akiwa mzima."

"Mfereji," Babu alisema taratibu. "Wamechimba mifereji. Uwanja mzima! Na mimi hapa nawatukana." Kisha akanigeukia. "Na wewe ukawazibia mafundi kwa lipu. Lipu ya nini vile?"

Mama Reki akajibu kwa niaba yangu. "Ya mavi yao, mzee."

Babu aliangua kicheko ambacho hatukukisikia tangu augue. Alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wa fundi mwashi! Kapiga lipu ya mavi! Na mimi nikaisifu!" Dada Mazoezi alijifunika uso, hata Msimamizi alijishika tai akitazama kando. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

Lakini Babu alipomaliza kucheka aliniita karibu, akanishika mkono. "Sikiliza, Pimamaji. Kupiga lipu ulijifunza kwangu, kwa hiyo nusu ya kosa hilo ni langu, kwa kusema ovyo mbele ya mtoto anayenisikiliza. Ila kuifuta alama hukujifunza kwangu."

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe uliposema. Sasa turekebishe."

Msimamizi alimwomba radhi Mama Reki palepale mbele yetu, jambo ambalo si kila mkubwa huliweza. Dawa akaiahirisha. "Nawapa wiki mbili. Nyasi zikiteleza tena, namwaga zege."

Kazi ya wiki mbili zile ndiyo niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama Reki alinipa uma wa bustani, nikatoboatoboa njia yangu yote, shimo kwa shimo, nikiwafungulia milango wale niliowafungia. Alinifundisha kusubiri jua. Alinionyesha jinsi ya kuziacha nyasi zirefuke kidogo, kwa sababu zikinyolewa hadi shinani udongo hubaki wazi, na kila kijilima huonekana mlima. Halafu akasema panahitajika mchanga mkavu wa kunyunyiza juu, udongo usishikane tena.

"Mchanga?" Babu aliita kutoka barazani. "Nani anazungumzia mchanga bila kunishirikisha?"

Alituagiza mchanga wa mto, wenye chembe kubwa, usio na udongo ndani. Alitaka auchekeche mwenyewe. Chekeche ya waashi ina fremu ya mbao, nayo hushikwa kwa mikono miwili. Mimi nilishika upande mmoja, yeye upande wa pili, mkono wa kulia kwanza. Siku ya tatu, bila kuambiwa na mtu, aliuinua ule wa kushoto, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kwenye fremu. Dada Mazoezi alikuwa anapita na taulo. Alisimama, akaenda kumwita mwenzake aje kuona.

Jumamosi ya pili mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mama aliomba ruhusa kazini, akaja na kitambaa chake kipya kichwani. Msimamizi alisimama mlangoni mikono nyuma. Mama Reki alikuwa amekwisha kufagia, ufagio wake umeegemea ukuta.

Babu alishuka ngazi tatu, akasimama ukingoni mwa nyasi, akagonga ardhi mara mbili kwa fimbo. "Hodi, mafundi," alisema. "Napita juu ya kazi yenu."

Nilihesabu. Kwenye ishirini na tatu nilifumba macho, kisha nikaona aibu nikayafumbua. Ishirini na nne. Udongo ulibonyea kidogo chini ya kiatu, ukarudi. Thelathini. Babu alikuwa anahema, jasho linashuka shingoni, na Dada Mazoezi alitembea kando yake mikono wazi bila kumgusa. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kwenye arobaini alikuwa bado hajafika, kwa sababu hatua zake ni fupi kuliko za Dada Mazoezi. Arobaini na sita. Akageuka polepole, akalitafuta benchi kwa mkono wa kushoto, ule wa kushoto, akakaa.

Mama alikimbia juu ya nyasi na viatu mkononi. Wagonjwa barazani walipiga makofi, mmoja akipiga kwa kiganja cha mkono mmoja juu ya paja lake.

"Nipe pimamaji yangu," Babu aliniambia alipopata pumzi. Nilikuwa nimeibeba, alijua. Aliinama, akailaza juu ya nyasi mbele ya miguu yake. Kipovu kilikimbilia upande mmoja na kugoma kurudi.

"Umeona?" alisema. "Hapajanyooka hata kidogo, na nimefika. Miaka arobaini nimewaambia watu chini pakinyooka juu hapana wasiwasi. Kwenye nyumba ni kweli. Kwenye nyasi nilihitaji kuuliza, nami sikuuliza, na wewe hukuuliza. Kila kazi ina mwenyewe, mjukuu wangu. Kabla ya kumsaidia mtu kazi yake, muulize inafanywaje. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kabla asiye na kosa hajabeba mzigo wako. Ungenyamaza wiki moja zaidi, leo ningekuwa natazama zege kutoka kwenye kiti cha magurudumu."

"Nimeelewa, Babu."

"Basi nenda kamshukuru mwalimu wako."

Nilikwenda kwa Mama Reki. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima tangu jana yake, lakini nilipofika mbele ya yale mabuti nilimkumbatia tu kiunoni nikasema, "Asante, Mama." Akanipiga kidogo mgongoni, akasema jua limetoka na vijilima vya upande wa pili vimekauka, kama nina nguvu za kukumbatia watu ninazo za kufagia. Tukafagia.

Kesho yake Babu alirudi nyumbani. Aliipanda njia yetu ya udongo kwa fimbo, akipumzika mara tano, akiutolea kasoro kila ukuta wa jirani tuliopita. Kibao chake kimerudi stoo, kimeoshwa. Mbele ya nyumba tumeotesha kipande kidogo cha nyasi, na mvua ilipokuja, asubuhi moja Babu aliniita kwa sauti kubwa mpaka nikadhani ameanguka. Nilimkuta amesimama peke yake, fimbo mkononi, akinionyesha kijilima kimoja kidogo cha udongo kilichosokotwa.

"Wamefika," alisema. "Usikiguse. Ngoja jua."

Nikaketi kwenye kizingiti kando yake, tukangoja.